Je, Wajua? Kompyuta Iliyoachwa Siku ya Mwalimu

JE, WAJUA kwamba Microsoft iliiacha rasmi Windows 10 siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere? Ilikuwa Oktoba 14, 2025, ofisi za Masasi na Newala zimefungwa, watu wako kwenye mikorosho. Si kwamba Wamarekani walituvizia. Marekebisho ya Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 2 au saa 3 usiku kwa saa zetu, na Oktoba ile Jumanne hiyo iliangukia tarehe 14.

Na je, wajua kwamba serikali ya Mwalimu huyohuyo ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974? Ya kwanza ilikuwa imefika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kamba ililegezwa miaka ya 1980. Kijana aliyesoma Chidya zama hizo, katika shule ile iliyoasisiwa na Waanglikana wa UMCA, alikuwa na nafasi ndogo mno ya kuiona kompyuta kwa macho. Wa leo hafanyi mtihani wa taifa kabla jina lake halijaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Baraza la Mitihani.

Kompyuta iliyoachwa haizimiki. Itawaka asubuhi, itachapa barua, itatoa risiti. Kinachokoma ni viraka vya usalama: wezi wakigundua tundu jipya, hakuna wa kuliziba.

Lakini kiraka ambacho hukukipakua nacho hakikusaidii. Mei 12, 2017 kirusi WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetoka Machi 14, karibu miezi miwili kabla, na mashine nyingi zilizoumia zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilihudumiwa. Kuna steshenari ambazo kompyuta zake zilikosa huduma tangu siku mwenye duka alipozima masasisho ili kuokoa bando. Huyo Oktoba 14 haikumwondolea kitu.

Je, wajua kwamba muda unanunulika? Mtu binafsi anaweza kuongezewa marekebisho hadi Oktoba 13, 2026 kwa dola 30, au bure akiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake huko. Shule zenye leseni za elimu zimewekewa dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili na 4 mwaka wa tatu: dola 7 kwa miaka mitatu. Taasisi nyingine zimebanwa. Ni dola 61, kisha 122, kisha 244, jumla 427 kwa mashine moja, na ukichelewa kujiunga unadaiwa pia mwaka uliopita. Shule ningeishauri ilipe hata kesho. Chama cha msingi cha korosho kinachotaka kulipa dola 427 ili kubaki na kompyuta ya mwaka 2014, mimi kwenye mkutano mkuu ningenyoosha mkono kupinga.

«Core i5» peke yake haisemi kitu! Muuzaji wa used akikutajia hilo, mwombe namba yote. i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-7500 ni cha 7, i5-8500 ni cha 8, i5-10400 ni cha 10. Windows 11 inataka kizazi cha 8 na kuendelea, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017, pamoja na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na RAM ya GB 4. Kumtoa mtu Chidya hadi Kariakoo akarudi na kizazi cha 4 ni kununua tatizo lilelile kwa nauli ya basi.

Fundi anaweza kupiga Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika, na ikawaka vizuri tu. Microsoft haijaahidi kuziletea mashine hizo marekebisho. Zile kongwe za Core 2 Duo hata ujanja huo haziukubali tena tangu toleo la 24H2.

Je, wajua kwamba betri ya ukubwa wa sarafu inaweza kuifanya kompyuta nzima ionekane mfu? Inaitwa CR2032, iko kwenye bodi, na kazi yake ni kuilinda saa umeme unapokatika. Ikiisha, kompyuta inaamka ikidhani iko mwaka 2009. Kila tovuti ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, hivyo kivinjari kinaona vyeti vyote bado havijaanza kutumika na kinakataa kufungua. Mwalimu anaambiwa mtandao umegoma, fundi anasema bodi imekufa, mwingine anasema Windows imezeeka. Tazama tarehe kwanza, pale chini kulia.

Uzito wa kuwaka nao mara nyingi si uzee. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Weka SSD, ambayo haina kinachozunguka, uone mashine ya kizazi cha 4 inavyochangamka. Ukishaiweka, piga Linux Mint 22, ya bure, yenye huduma hadi Aprili 2029. Mifumo mingi ya ofisi siku hizi hufunguka ndani ya kivinjari, na kivinjari kikiwa kipya aghalabu hakijali kiko juu ya Windows au Linux. Jaribu kwanza printa yako, maana huko ndiko watu hukwama.

Hili la Linux si geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Basi kompyuta ibadilishwe lini? Ikiwa mashine inashika fedha za watu au majina ya wanafunzi, inaingia mtandaoni, na haikubali mfumo mpya wowote, muda wake umekwisha. Ikiwa inachapa mialiko ya harusi tu, chomoa waya wa intaneti uendelee nayo. Vyama vya msingi visibadilishe Oktoba, minada ya korosho inapoanza kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mei au Juni patakuwa na nafasi ya kukosea.

Ukiitoa, toa diski kwanza. Kufuta faili huondoa jina lake kwenye orodha tu, yaliyomo hubaki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 1, 2023. Monita ya chogo usiivunje: kioo chake kina madini ya risasi.

Na kwa wanaokusudia kurithisha: mifumo mingi ya biti 32 inayohesabu muda kwa sekunde tangu mwaka 1970 itaishiwa namba Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Masasi. Itakuwa siku ya Jumanne.