Dhamana ya Ziada ya Pikipiki ya Theluji: Sharti la Mauzo au Bima?

Suala hili limetufikia kutoka kwa ndugu zetu walioko kaskazini ya Kanada. Mtu ananunua pikipiki ya theluji, bei imekubaliwa, na wakati wa kulipa muuzaji anamwuliza: je, ungependa kuongeza kiasi fulani ili dhamana ya mwaka mmoja iwe ya miaka mitatu au minne? Ndugu wanauliza kama inafaa kisharia kukubali, na kama haifai, wafanye nini katika nchi ambayo chombo hicho kikiharibika mtu amekwama. Msomaji wa Tanga au Mombasa asilipite suala hili akidhani halimhusu, kwani maneno hayo hayo ataambiwa siku akienda kununua jokofu.

Kwanza tukieleze chombo chenyewe. Ni pikipiki isiyo na magurudumu. Mbele ina skii mbili za kuelekezea, na chini yake kuna mkanda mpana wa mpira unaoisukuma juu ya theluji. Aliyeieneza ni Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, katika jimbo la Quebec. Mwaka 1934 alifiwa na mwanawe mdogo kwa sababu theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda hospitali. Alikuwa ameanza kutengeneza vyombo vya theluji kabla ya msiba huo, akaendelea, na mwaka 1959 akatoa pikipiki nyepesi iliyoenea dunia nzima. Kusini wengi huitumia kwa burudani. Lakini katika eneo la Nunavut hakuna barabara inayounganisha mji na mji, na mtu huitumia kwa kuwinda, kuvua na kusafiri. Waislamu wako huko kaskazini: Inuvik walipata msikiti mwaka 2010, ukiwa umejengwa Winnipeg na kusafirishwa kwa lori na mashua, na Iqaluit wakafungua wao mwaka 2016. Hivyo tunazungumzia haja ya watu.

Sasa tuingie katika kiini cha mada. Neno "dhamana" linakusanya vitu viwili, na makosa mengi katika suala hili yanatokana na kuvichanganya. Cha kwanza ni dhamana ya mtengenezaji, ambayo kwa pikipiki hizi kwa kawaida ni ya miezi 12, na imo ndani ya bei. Cha pili ni mkataba wa kulipiwa peke yake, unaoanza pale cha kwanza kinapoisha. Hata sheria ya Marekani ya mwaka 1975 inayosimamia dhamana za bidhaa imevitenganisha: kilichomo ndani ya bei ni dhamana, na kinacholipiwa kando kinaitwa mkataba wa huduma. Mafakihi wetu wangeelewana vizuri na walioiandika sheria hiyo katika nukta hii.

Tuanze na cha kwanza. Msingi ni kwamba muuzaji hawajibiki kwa aibu iliyozuka baada ya mnunuzi kukabidhiwa mali, bali anawajibika kwa aibu iliyokuwepo kabla, na mnunuzi ana khiyari ya kurudisha. Huo ndio msimamo wa Imam Abu Hanifa na Imam Shafi'i. Lakini watu wa Madina walikuwa na jambo la ziada lililoitwa uhda. Imam Malik amelipokea katika Muwatta kwamba Aban bin Uthman na Hisham bin Ismail, waliokuwa magavana wa Madina, walikuwa wakilitaja katika hotuba zao. Lilihusu mauzo ya watumwa, biashara iliyokuwepo zama zile: kwa siku tatu za mwanzo kila aibu itakayojitokeza ni juu ya muuzaji, na kwa mwaka mzima muuzaji anabeba maradhi matatu tu, nayo ni wazimu, ukoma na mbalanga. Mwaka ukiisha, muuzaji yuko huru.

Msomaji alitazame jambo hili kwa makini, kwani ni dhamana ya mwaka mmoja, yenye muda maalumu na orodha ya yanayobebwa, iliyotangazwa juu ya mimbari za Madina zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Na sababu yake haikuwa kubahatisha. Maradhi hayo matatu yanaweza kujificha, yakaonekana baada ya misimu kupita, hivyo mwaka ulikuwa ni muda wa kugundua aibu iliyokwishakuwemo. Ndivyo ilivyo kwa injini: pistoni iliyotengenezwa vibaya haijulikani dukani, hujulikana baada ya msimu wa baridi. Dhamana ya mtengenezaji, kwa hiyo, si jambo geni kwa fiqhi, na hatuoni tatizo ndani yake. Hata Wahanafi, ambao hawakuikubali uhda, wamekubali sharti lililozoeleka katika desturi ya wafanyabiashara. Mfano wao maarufu ni kununua kiatu kwa sharti muuzaji akifunge kanda zake. Na Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Bahrain mwaka 1998, lilipitisha kwamba matengenezo yaliyoshurutishwa kwa muuzaji ndani ya mauzo, kwa muda unaojulikana, yanajuzu, awe anatoa vipuri au hatoi, maadamu yamebainishwa kiasi cha kuondoa ugomvi.

Kitu cha pili ndicho chenye mashaka. Hapa mnunuzi anatoa fedha, tuseme dola 1,200, na hajui atapata nini. Chombo kisipoharibika, fedha imekwenda bure. Kikiharibika injini, atapata matengenezo ya dola 4,000. Mwenye kampuni naye hajui. Mtume (s.a.w.) amekataza mauzo ya gharar, kama alivyopokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), na gharar hii si ndogo ya kusamehewa, kwa sababu kinachonunuliwa ni huo uwezekano wenyewe. Mara nyingi aliye nyuma ya mkataba si muuzaji wala mtengenezaji, ni kampuni ya bima, na muuzaji ni wakala anayepata kamisheni yake. Jopo hilo hilo mwaka 1985 lilikwishapitisha kuwa bima ya kibiashara ya malipo maalumu hairuhusiwi, na likaruhusu ile ya kusaidiana.

Wapo waliosema vingine. Sheikh Mustafa al-Zarqa katika kongamano la Damascus la mwaka 1961 aliitetea bima, na miongoni mwa hoja zake ni masuala ya Kihanafi ya dhamana ya hatari ya njia: mtu akimwambia mwenzake, pita njia hii ni salama, na mali yako ikinyang'anywa mimi ni mdhamini, basi analazimika. Ni hoja ya mwanachuoni mkubwa na haifai kudharauliwa. Lakini mdhamini yule hakulipwa chochote kwa udhamini wake, na jamhuri ya mafakihi hawaruhusu kuuza udhamini. Tena Ibn Abidin, Mhanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1836, alipoulizwa juu ya bima ya baharini iliyoitwa sukara, aliyajua masuala hayo ya njia na bado hakumruhusu mfanyabiashara kuchukua fidia ile. Sisi tunaona kauli ya wanaokataza ndiyo yenye nguvu.

Inabaki hoja ya dharura, nayo ndiyo ndugu zetu waliisisitiza. Wanasema: huku baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri, injini ikizima mbali na mji ni kifo. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayathibitishi wanachotaka kukithibitisha. Mkataba ule haumwokoi mtu porini. Unalipa gharama za fundi wiki kadhaa baadaye, ikiwa kampuni itakubali. Dharura huhalalisha kile kinachoiondoa, na kinachoiondoa hapa ni mkanda wa akiba wa injini, plagi za akiba, kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti na kutosafiri peke yako. Mkataba unalinda mfuko, na kulinda mfuko kuna njia za halali.

Njia ya kwanza ni kuuliza kabla ya bei kufungwa. Hutokea watengenezaji wakaongeza muda wa dhamana bila malipo kwa wanaoagiza mapema wakati wa machipuko. Hiyo ni nyongeza ndani ya mauzo, na ichukuliwe bila wasiwasi. Vilevile muuzaji mwenyewe akisema bei yangu ni hii, na chombo nitakihudumia miaka mitatu, ni akdi moja yenye sharti. Ila mnunuzi asome karatasi: jina la anayewajibika likiwa ni la kampuni nyingine, bei moja haijabadilisha kitu. Njia nyingine ni kulipia huduma zinazojulikana, kama kubadilisha mafuta na kukagua mkanda kila msimu, kwani hiyo ni ijara ya kazi maalumu. Na wenye vyombo kumi au ishirini katika mji mmoja wanaweza kuchangia mfuko wa kusaidiana, kila mmoja akitoa kwa nia ya tabarru'.

Na hata kwa hesabu ya dunia tu, mkataba huu una mapungufu. Kwa kawaida hauhusishi vitu vinavyolika kwa matumizi, kama mkanda wa injini, na ndivyo vinavyoharibika zaidi. Asiyetunza risiti za huduma hukataliwa, na anayekitumia chombo kwa kazi ya kukodisha mara nyingi hukataliwa pia. Katika Quebec sheria yenyewe inataka bidhaa idumu muda unaostahiki, na tangu mwaka 2010 muuzaji analazimika kumweleza mnunuzi haki hiyo kabla ya kumwuzia dhamana ya ziada. Kuna wanaolipia walichokuwa nacho tayari! Tena gharama yake huingizwa ndani ya mkopo wa chombo, na mkopo huo una riba. Hapo muulizaji ana masuala mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza.

Aliyekwishanunua bila kujua hukumu, atazame kama muda wa kuvunja mkataba bado upo na aombe fedha zake. Ukiwa umepita na chombo kikaharibika, achukue matengenezo kwa kadiri ya alicholipa asizidishe, kwa kufuata maana ya Aya ya 279 ya Suratul Baqara inayompa mwenye kutubia rasilimali yake. Wallahu a'lam.