Likoni hadi Vanga: Urithi Usio na Mji

Ukitaka kuelewa jinsi Bahari ya Hindi ilivyochanganya watu, utatajiwa kwanza miji mikubwa. Mmojawapo ni Kochi, kusini-magharibi mwa India. Inaelezwa kwamba mafuriko ya mwaka 1341 yalibadili njia za maji katika eneo hilo: bandari kongwe ya jirani ikajaa tope, na mlango mpya wa bahari ukafunguka Kochi. Wafanyabiashara wakaufuata. Leo mitaa michache ya mji huo ina kanisa lililoanzishwa na Wareno mwaka 1503, ambamo Vasco da Gama alizikwa mwaka 1524 kabla mwili wake haujapelekwa kwao. Ina pia sinagogi la mwaka 1568, misikiti, mahekalu na majengo ya Waholanzi, waliouteka mji mwaka 1663. Mgeni hutembea kwa miguu nusu siku akaona karne sita.

Pwani ya kusini ya Kenya iliogeshwa na bahari hiyohiyo na kupulizwa na pepo zilezile. Tofauti ni kwamba haikupata mji mmoja mkubwa wa kuyakusanya yote. Mombasa iko ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Kutoka Likoni hadi mpaka wa Tanzania ni takriban kilomita 100, na urithi umetawanyika njia nzima: msikiti wa kale Diani, kaya Kinondo, nyumba ya sheikh Gazi, kiwanda cha sukari Ramisi, mapango Shimoni, magofu ya Vumba Kuu karibu na Vanga. Kwa kuwa hakuna mji, wengi hudhani hakuna historia, ila hoteli na mchanga mweupe. Dhana hiyo inatudhulumu. Urithi huu ni mmoja, na ramani ya nchi yenyewe ndiyo inayoeleza kwa nini ulisambaa namna hii.

Mwamba na milango yake

Anzia baharini. Sehemu kubwa ya pwani hii, hasa Tiwi na Diani, imezungukwa na mwamba wa matumbawe usio mbali na ufuo. Mwamba huvunja mawimbi, hulinda ufuo na huwapa wavuvi maji matulivu ya kutandazia nyavu. Kwa nahodha wa jahazi, hata hivyo, mwamba ni ukuta. Ataingilia wapi?

Ataingilia penye mto. Matumbawe ni viumbe hai. Hayastahimili maji yasiyo na chumvi wala tope. Penye mdomo wa mto, mwamba hukatika au hudhoofika, na mlango hupatikana. Pitisha kidole kwenye ramani ukiufuata ufuo: mto Mwachema unaingia baharini Diani, Mkurumudzi unaingia Gazi, Ramisi unamwaga maji kwenye ghuba ya Funzi, na Umba, unaotoka milima ya Usambara nchini Tanzania, unafika baharini karibu na Vanga. Karibu kila mdomo una makazi ya kale. Watu walikaa palipokuwa na mambo matatu kwa pamoja: mlango wa chombo, maji ya kunywa na mikoko. Milango ilikuwa mingi, na yote ilikuwa midogo. Hakuna hata mmoja uliokuwa na kina cha kuweza kushindana na Kilindini, bandari ya Mombasa. Ndiyo sababu pwani ya kusini ilizaa vijiji vingi vyenye heshima yake badala ya mji mmoja.

Mfano mzuri ni Msikiti wa Kongo, kwenye mdomo wa Mwachema, chini ya mibuyu mikubwa. Unakadiriwa kujengwa kati ya karne ya 14 na ya 16, na hadi leo unaswaliwa. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe pia: vipande hupangwa juu ya tanuri la magogo, huchomwa hadi viwe vyeupe, vikazimwa kwa maji, kisha unga wake huachwa ulale kabla ya kutumika. Katika nyumba za mawe za pwani, dari ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri ina urefu wa mita tatu hivi tu, kwa hiyo vyumba vya nyumba hizo vilikuwa virefu na vyembamba. Mti uliokatwa kwenye tope ndio ulioamua upana wa sebule. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, na vyumba vya kale vya huko vina wembamba uleule. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Huko Gazi, wanakijiji sasa wanalipwa kwa kuitunza mikoko isimame: mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, huuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa na miti, na mapato huingia kwenye maji na shule.

Wenye misitu

Ukiiacha bahari, ardhi hupanda kwa ngazi: uwanda wa matumbawe, kisha mchanga na udongo wa mashamba ya minazi, kisha Milima ya Shimba inayofikia mita mia nne na kitu juu ya bahari, na nyuma yake nyika kavu ya Kinango. Mvua hupungua kadiri unavyoingia bara. Wadigo walishika ufuo na mashamba yake. Waduruma walishika nyika, wakafuga. Wote ni Wamijikenda, na wote walijenga kaya, yaani makazi ya mababu, ndani ya misitu.

Mwaka 2008 UNESCO iliitia misitu ya kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, ikiwamo Kaya Kinondo iliyo hatua chache kutoka hoteli za Diani. Mgeni anayeingia Kinondo hufungwa kaniki kiunoni. Haokoti kitu, hata jani lililoanguka. Amri hizo za wazee zimelinda miti ambayo kwingine ufuoni ilikwisha zamani, na wanaozisimamia ni Wadigo, watu ambao karibu wote ni Waislamu. Kwa Wadigo wengi si jambo la ajabu mtu kuswali Ijumaa msikitini na kuiheshimu kaya ya mababu. Vilevile, kwa desturi ya zamani Mdigo alirithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada. Sheria ya Kiislamu ilipokuja na urithi wa watoto, familia na makadhi walilazimika kupatanisha njia mbili, na mijadala ya ardhi iliyotokana na hayo haijaisha. Utamaduni mseto hauanzi mgeni anaposhuka jahazini. Huanza ndani ya nyumba, ndugu wanapoketi kugawana shamba.

Waliokuja na pepo

Kaskazi ilivuma kuanzia Desemba ikaleta vyombo kutoka Ghuba, Hadhramaut na Kutch iliyo magharibi mwa India, kusi ikavirudisha. Kati ya pepo mbili, mabaharia walingoja miezi. Waliooa walibaki, na waliobaki wakawa wenyeji.

Kusini kabisa, Wavumba walikuwa na dola yao ndogo, kwanza Vumba Kuu, kisha Wasini na Vanga. Mtawala wao aliitwa diwani, na nasaba yake ilijihusisha na masharifu wa Hadhramaut. Afisa mkoloni A. C. Hollis alichapisha habari zao mwaka 1900, na hadi leo Kivumba kinasemwa Wasini na Vanga, kama Kifundi kinavyosemwa Funzi na Shirazi. Wasegeju ni majirani zao. Wafanyabiashara wa Kihindi nao walifungua maduka katika vituo hivi, wakauza nguo na shanga na kununua mazao. Alama yao kubwa iko jikoni: chapati, sambusa, bajia, biriani na achari ya embe si vyakula vya wageni tena Ukunda wala Msambweni.

Mtu asipambe simulizi hii kwa marashi tu. Vyombo vilevile vilibeba watumwa. Mapango ya Shimoni yalichongwa na maji ndani ya mwamba wa matumbawe, na wenyeji husimulia kwamba mateka walifungiwa humo wakingoja kusafirishwa. Baadhi ya familia za pwani zina damu ya waliobebwa kwa nguvu, na urithi wao ni haki yao sawa na wa masharifu.

Gazi ina habari yake. Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, alipowavunja Mazrui, watawala wa Mombasa, mwaka 1837, tawi moja lilikimbilia Takaungu na jingine Gazi. Huko Gazi aliinuka Sheikh Mbaruk bin Rashid, aliyeusumbua utawala wa Zanzibar kwa miaka mingi. Mwaka 1895, Waingereza walipoingilia urithi wa uongozi wa Takaungu, Mazrui waliasi, na Mbaruk akajiunga. Ili kumshinda, Waingereza walileta askari kutoka India. Mwaka 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka 1910.

Mpaka huo ulikuwa na umri wa miaka kumi tu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipiga mstari kuanzia mdomo wa Umba, wakawagawa Wadigo, Wasegeju na Wavumba katika nchi mbili. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, kona hii ilikuwa uwanja wa mapigano: Gazi mwaka 1914, kisha Jasin, kusini ya Umba, mwezi Januari 1915, ambako askari wa Kihindi walipigana na kufa kwa ajili ya dola isiyokuwa yao.

Waliokuja kwa jasho

Hadi hapa ni historia inayopendwa na vitabu vya watalii. Sehemu inayosahaulika ni karne ya 20, na hapo ndipo Ramisi inapoingia.

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianza mwaka 1927, kikiwa cha pili nchini baada ya kile cha Miwani, na baadaye kilimilikiwa na familia ya Madhvani, yenye asili ya Gujarat na mashamba makubwa Uganda. Mto ulitoa maji, bonde likatoa udongo, lakini nguvu kazi ilitoka mbali. Wamakonde walitoka Msumbiji kuja kukata miwa na mkonge. Walikuja na uchongaji wa mpingo na ngoma ya sindimba, wakaoa, wakazaa, wakazika wazee wao hapa. Wapemba walikuwa wamekwisha kuja na nyavu zao wakifuata samaki. Katika miaka ya 1950 serikali ilianza kuwahamishia Wakamba kwenye mashamba ya Shimba Hills. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1988, kazi iliondoka, watu wakabaki.

Wamakonde walibaki bila uraia. Mtoto aliyezaliwa Kwale, wa mzazi aliyezaliwa Kwale, hakuweza kupata kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, kazi ya halali wala shamba lenye hati. Mwezi Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai haki yao. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walisubiri kutambuliwa hadi mwaka 2023.

Gharama ya kusahau

Kuna sababu ya kusisitiza haya. Mwezi Agosti 1997, wakati wa siasa za uchaguzi, vijana waliochochewa walivamia kituo cha polisi Likoni, na mashambulizi yakaenea hadi Ukunda dhidi ya watu wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu ya wengine walihama. Nyuma ya chuki hiyo kulikuwa na dhuluma ya kweli: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitambua madai ya mtu mmojammoja, na ardhi nyingi ya jamii ambayo haikuandikishwa ikawa mali ya serikali, kisha ya wengine. Mdigo aliyeitwa maskwota kwenye minazi ya babu yake ana haki ya kulalamika. Kosa lilikuwa kumfanya jirani alipie deni la sheria.

Hapa ndipo elimu ya mahali inapofaa. Anayejua kwamba Wavumba walifuata mlango wa bahari, Waduruma malisho, Mazrui kimbilio, Wahindi soko na Wamakonde kazi, anajua pia kwamba kila jamii iliitwa na kitu kilichomo katika ardhi hii, na kila moja imeilipa kwa jasho au damu. Haki ya ardhi ya mwenyeji na haki ya uraia ya aliyezaliwa hapa zinaweza kudaiwa kwa kauli moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa kaunti, shule na wenye hoteli. Tuuchore urithi huu kwenye ramani moja, kuanzia Kongo hadi Vumba Kuu, na tusikomee kwenye misikiti na kaya. Ramisi iwemo. Simulizi za wakata miwa zirekodiwe wazee wakiwa hai, na watoto wa Msambweni wapelekwe kuzisikia kama wanavyopelekwa Shimoni. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 866,820 katika Kaunti ya Kwale. Kila mmoja wao anastahili kuiona jamii yake kwenye ramani hiyo, na kando yake jamii ya jirani.