Fahamu: Mac au Windows kwa Mtayarishaji wa Muziki?
Anayechagua kompyuta ya muziki hana budi kuangalia kwanza ucheleweshaji, yaani muda unaopita kati ya kubonyeza kinanda na kusikia sauti, kwa kuwa muda huo ukirefuka mpigaji wa jukwaani hutoka nje ya mapigo. Kompyuta huishughulikia sauti kwa mafungu ya sampuli, na ukubwa wa fungu huongeza ucheleweshaji huo: fungu la sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua takriban milisekunde 6. Ili kupunguza ucheleweshaji, Mac huja na Core Audio, mfumo wa sauti uliojengwa ndani yake, ilhali Windows kwa kawaida huhitaji ASIO, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ili programu ifikie kadi ya sauti moja kwa moja. Tofauti nyingine ni programu: Logic, programu ya kutengeneza muziki ambayo sasa huitwa Logic Pro, iliacha kutengenezwa kwa Windows baada ya Apple kuinunua kampuni iliyoiunda, Emagic, mwaka 2002. Hata hivyo, kwa mwenye bajeti ndogo, kompyuta ya Windows yenye kadi nzuri ya sauti ya nje inatosha kabisa.