Programu Moja kwa Simu Zote: Inawezekana?

Kila mwaka chuoni hapakosi kikundi kinachotaka kutengeneza programu ya simu: ya ratiba, ya kuuziana vitabu, ya mazoezi kwa wanafunzi wa sekondari. Mimi nasoma ualimu, kwa hiyo hiyo ya mwisho ndiyo inayonigusa. Na swali la kwanza kwenye kikao huwa lile lile: tuandike ya Android au ya iPhone?

Programu ya Android kwa kawaida huandikwa kwa Kotlin au Java. Ya iPhone kwa Swift. Ukitaka zote mbili, ni sawa na kutunga mtihani uleule mara mbili kwa lugha mbili, na kila kosa ulisahihishe kotekote. Kwa watu watatu wanaosubiri bumu, hapo mradi umeshakufa.

Programu mseto ndiyo njia ya kutokea. Unaandika kwa zana za tovuti, yaani HTML, CSS na JavaScript, halafu kazi yako inafungwa ndani ya ganda la programu ya kawaida. Ndani ya ganda hilo kuna kivinjari kisicho na sehemu ya kuandika anwani; ndicho kinachoonyesha kurasa zako. Ukihitaji kamera, kuna kipande cha kati kinachopeleka ombi kwa simu na kurudisha jibu. PhoneGap iliifanya njia hii ijulikane kuanzia 2009, ikazaa Apache Cordova. Ionic ikafuata 2013. React Native ya 2015 na Flutter ni ndugu zao: msimbo mmoja pia, ila hazitegemei kurasa za tovuti.

Sasa tusidanganyane. Kwenye simu yenye RAM ndogo, kurasa zilizojaa picha na madoido zinakwama. Halafu msimbo kuwa mmoja hakufuti ada: Google Play wanatoza dola 25 mara moja tu, Apple dola 99 kila mwaka, na kujenga toleo la iPhone kunahitaji Mac, yako au ya kukodi.

Kwa hiyo faida kubwa kwetu naiona hapa: unaanza na Android na tovuti, kisha unaongeza iPhone pesa ikipatikana, bila kuandika upya kila kitu.

Lakini kuandika mara moja hakumaanishi kujaribu mara moja. Darasani, mwalimu hajui kama somo limeeleweka kwa kumsikiliza anayenyoosha mkono kila saa. Anamwangalia yule wa nyuma kabisa. Fanya vivyo hivyo. Azima simu dhaifu kuliko zote hosteli, zima data, fungua programu yako. Mazoezi yahifadhiwe ndani ya simu ili mtoto aliyeishiwa bando aendelee kusoma. Ikigoma hapo, punguza picha kwanza kabla hujaongeza kitu kingine chochote. Mwenye simu ile ndiye tunayemtengenezea.