Kabla ya Kuihukumu Betri

Gari la mseto lililozeeka linapoanza kula mafuta kuliko desturi yake, na taa nyekundu ya pembetatu ikawaka mbele ya dereva, aghalabu hukumu hutolewa kabla ya shahidi yeyote kusikilizwa: betri imekufa, inunuliwe nyingine. Mara nyingine hukumu hiyo ni ya haki. Lakini maadamu betri kubwa ni miongoni mwa viungo vya thamani kubwa katika gari la namna hiyo, na wengi wa wenye magari hayo kwetu ni watu wa mapato ya kadiri walioyachagua ili wapunguze gharama ya petroli, naona ni dhuluma kumtoza mtu fedha zote hizo kwa dhana tupu, hali ithibati iko karibu na kipimo chake si ghali.

Tuchukue Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, na mdogo wake Aqua, aliyetoka mwishoni mwa 2011. Magari hayo yamekuwa yakishushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yamekwisha tumika Japani. Betri kubwa ya Prius, iliyolala nyuma ya kiti cha nyuma, si kitu kimoja bali ni jamii ya moduli 28 zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kila moduli ikiwa na seli 6 za nikeli, na kila seli ikiwa na volti 1.2, hata jumla yake ikawa volti 201.6; Aqua ina moduli 20 na volti 144. Umeme hupita katika moduli zote kwa mfululizo, ukitoka katika hii na kuingia katika ile, na kwa hiyo iliyo dhaifu haiwezi kuachwa nyuma: katika msafara wa wapagazi wanaofuatana katika njia nyembamba, mwendo wa wote huwa ni mwendo wa aliyechoka. Zinazochoka kwanza mara nyingi ni zile za katikati, kwani zimebanwa na jirani kila upande na joto lao halina pa kutokea. Na joto ndilo adui mkubwa wa betri za namna hii.

Betri na mafuta huhusiana hivi. Dereva akanyagapo breki, mwendo wa gari hugeuzwa kuwa umeme na kuwekwa akiba. Akiondoka tena katika foleni, akiba hiyo ndiyo imsukumayo, nayo injini imezimwa. Betri ikipungukiwa na uwezo, akiba hujaa upesi na kwisha upesi, na injini iliyostahili kupumzika huwashwa tena na tena ili kuijaza, hata gari likiwa limesimama. Mwenye kutazama kioo cha dashibodi huiona dalili hiyo waziwazi: mistari ya betri hupanda hata ikajaa katika mteremko mfupi, kisha hushuka karibu yote kabla ya kilima kidogo kumalizika. Feni ya kupozea betri nayo huanza kuvuma kwa sauti ambayo zamani haikusikika.

Walakini si kila gari linalokula mafuta lina betri mbovu. Upepo wa matairi ukipungua, breki ikiburuta, filta ya hewa ikijaa vumbi, au oili nzito ikitiwa katika injini iliyoundiwa oili nyepesi, matumizi huongezeka katika gari lolote. Ila liko kosa moja ambalo katika gari la mseto hujificha sana, nalo ni themostati iliyokwama wazi: injini hii hairuhusiwi kuzimika njiani mpaka maji yake yapate moto, na yakipoa kila mara, injini hunguruma safari nzima huku betri isiyo na hatia ikilaumiwa. Kadhalika ile betri ndogo ya volti 12, ambayo kazi yake ni kuziamsha kompyuta za gari, ikizeeka huwasha taa za kila namna na kulifanya gari likatae kuondoka. Ipimwe asubuhi kabla gari halijawashwa. Ikiwa nzima itaonyesha volti 12.6 hivi, na ikiwa chini ya 12 ianze hiyo kushukiwa, kwani bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya ile kubwa.

Yote hayo yakiisha kuondolewa, ndipo betri kubwa iulizwe yenyewe. Kompyuta ya betri ya Prius huzitazama moduli mbili mbili, jozi 14 kwa jumla, na kifaa kidogo kichomekwacho chini ya usukani huweza kuleta volti za kila jozi katika simu, kwa programu kama Dr. Prius. Gari likiwa limetulia, jozi zote huweza kuonekana sawa, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Gari na lipande kilima, kisha lifunge breki kwa muda, mtu mwingine akisoma: jozi iliyougua itaanguka kuliko wenziwe wakati wa kutoa umeme, na itapanda kuwapita wakati wa kupokea. Jozi ina seli 12, basi ikikaa chini ya wenziwe kwa volti 1.2 hivi daima, yamkini seli moja imekufa.

Msimbo wa hitilafu P0A80, ambao humaanisha kwamba betri ibadilishwe, haumalizi shauri. Zile sahani za shaba zinazounganisha moduli hufanya kutu ya kijani, na nyaya nyembamba za kupimia hulika, hata kompyuta ikasoma udhaifu usiokuwapo. Fundi azitazame kwanza. Lakini kufungua betri si kazi ya mwenye gari: nyaya za rangi ya chungwa huua, na hata plagi ya usalama ikiisha kuchomolewa na dakika 10 kungojewa ili umeme uliobaki katika inveta uishe, moduli zenyewe bado zina umeme wa kutosha kudhuru.

Kuhusu kubadili moduli moja tu, ambako hupendwa kwa urahisi wake, siwezi kukusifu. Moduli zote zimezeeka pamoja. Ikitolewa moja, ya pili na ya tatu hufuata baada ya miezi, na mwenye gari hulipa ujira wa fundi kila mara. Kwa gari litakalouzwa karibuni mwuzaji ataona ni nafuu, naye mnunuzi ndiye atakayerithi maradhi. Kwa gari la kukaa nalo, betri nzima mpya ni insafu zaidi, na siku hiyo hiyo feni isafishwe nywele na vumbi, sahani za shaba zisuguliwe au zibadilishwe, na tundu la hewa lililo kando ya kiti cha nyuma lisizibwe tena kwa mikoba wala nguo.