Mashine Ijifunze Kwanza Pampu Nzima

Valvu ya chini ya pampu ya mkono ikianza kuvuja, wa kwanza kujua ni yule anayekwenda kuteka maji alfajiri. Usiku kucha maji yaliyokuwa ndani ya bomba yameteremka kisimani, kwa hiyo anapampu mara nyingi, mpini mwepesi, kabla ndoo haijapata hata tone. Anayemfuata hakuti tatizo lolote kwa sababu bomba limeshajaa. Katika vijiji vya Kinondo na Msambweni, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, ambako watu wengi hutegemea visima, hitilafu ya aina hii inaweza kukaa muda mrefu bila fundi kuitwa, mpaka siku pampu inapokataa kabisa.

Kuigundua mapema sasa kunawezekana, na Kwale ni mahali pazuri pa kueleza namna gani. Katika miaka ya 1980 pampu za mkono zilifanyiwa majaribio katika pwani hii ya kusini, na Afridev ni tunda la kazi hiyo: pampu iliyobuniwa ili wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe. Miongo mitatu baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia ndani ya mpini kifaa kidogo cha kupima mwendo. Kifaa hicho huhesabu mara ambazo mpini hupanda na kushuka, hukadiria maji yaliyotoka, kisha hutuma taarifa kupitia mtandao wa simu. Walipokijaribu Kyuso, Kaunti ya Kitui, pamoja na mafundi waliokuwa tayari kuitika, muda wa kusubiri matengenezo ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa huduma ya FundiFix huko Kitui na hapa Kwale.

Hata hivyo, kuhesabu mipigo hutuambia tu kwamba pampu imekufa. Ili tujue kuwa inaugua, inabidi tusome mtetemo wenyewe. Mwaka 2017 watafiti hao walionyesha, kwa data ya pampu za Kwale, kwamba mtetemo wa mpini unatosha kukadiria kina cha maji kisimani. Kwa hiyo ndani ya mtetemo mna habari nyingi ambazo jicho haliwezi kuzichambua, na hapo ndipo ujifunzaji wa kina, tawi la akili unde linalotumia mitandao ya nyuroni yenye tabaka nyingi, unapofaa.

Wengi hudhani mashine hufundishwa kwa kuonyeshwa kila aina ya uharibifu. Hilo ni gumu, kwa kuwa uharibifu ni nadra na kila mara huja kwa sura mpya: leo rodi imekatika, kesho beringi imelika. Data ya pampu nzima, kwa upande mwingine, ipo tele. Basi mashine hufundishwa uzima. Mtandao unaoitwa autoenkoda hupewa mtetemo, huubana uwe namba chache, kisha hujaribu kuujenga upya kutokana na namba hizo. Ni kama mtu aliyesimuliwa hadithi ndefu, akatakiwa kuihifadhi kwa maneno machache kisha aisimulie tena. Hadithi aliyoizoea ataisimulia vizuri, ngeni ataiharibu. Tofauti kati ya mtetemo halisi na ule uliojengwa upya ikizidi kiwango fulani, tahadhari hutolewa.

Kiwango hicho ndicho kiini cha kazi yote. Tuchukue mfano wa pampu 300, kila moja ikipimwa mara moja kwa saa. Hivyo ni vipimo 7,200 kwa siku. Mashine inayokosea asilimia 1 tu ya vipimo vya pampu nzima itatoa takriban tahadhari 72 za uongo kila siku, hata kama pampu zinazoumwa kweli ni mbili. Fundi mwenye pikipiki moja hawezi kuzifuata zote, na baada ya wiki ataacha kuzisoma. Dawa ni kudai ushahidi wa saa kadhaa mfululizo, na kulinganisha kila pampu na historia yake yenyewe.

Pia mashine lazima iyajue maisha ya watu. Wakati wa masika watu hukinga maji ya mvua na kisima hupumzika. Mwezi wa Ramadhani saa za kuteka hubadilika. Mtoto anapampu kwa mipigo mifupi, mtu mzima kwa mipigo mirefu. Mtandao uliofunzwa kwa miezi miwili ya kiangazi huenda ukaona hitilafu katika baadhi ya mambo haya, ilhali pampu ni nzima.

Kanuni hizi ndizo zinazotawala viwandani. Katika kiwanda cha sukari, kwa mfano, beringi ya kinu cha kukamua miwa hutetemeka kwa namna moja ikiwa nzima na kwa namna nyingine ikianza kulika. Kinu kikishafanyiwa matengenezo makubwa, mtetemo wake wa kawaida nao hubadilika, na mashine haina budi kufunzwa upya. Asiyelifanya hilo atalaumu teknolojia kwa kosa la usimamizi.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa kaunti, kamati za maji na wasimamizi wa viwanda ni kuanzia kwenye daftari la matengenezo kabla ya kununua programu yoyote. Kila fundi aandike tarehe, saa, sehemu iliyoharibika, alichobadilisha, na kama tahadhari ilimkutanisha na hitilafu ya kweli. Mashine inaweza kusema kuna jambo geni. Mwenye kulipa jambo hilo jina ni aliyefungua pampu akaiona valvu kwa macho yake. Bila maandishi yake, hakuna atakayejua kama kiwango kimewekwa juu mno au chini mno, na fedha za vifaa zitapotea. Daftari hilo linaweza kuanza kesho, hata mahali ambapo hakuna kifaa kimoja cha kupima mwendo.