Njia ya Kisimani na Njia ya Baharini

Kila ifikapo Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mahindi ya Kitale yamekwisha kuingia ghalani, simu zetu huanza kulia. Ni jamaa zetu wa Kitale na Bungoma. Dada zetu wameolewa huko, na watoto wao wanakulia chini ya Mlima Elgon, wakiogelea katika Mto Nzoia bila ya kuijua ladha ya maji ya chumvi. Hupanda basi wakasafiri zaidi ya kilomita 800, wakateremka Mombasa miguu imevimba na nyoyo zimejaa furaha. Hata kabla ya chai kutiwa vikombeni, watoto huuliza bahari iko wapi.

Desemba hiyo hiyo ndipo upepo wa kaskazi unaposhika, nao huendelea hadi Machi. Pamoja na kaskazi huja wachezaji wa tiara. Mchezaji hufunga mkanda mpana kiunoni, akasimama juu ya ubao, akavutwa na tiara kubwa ya kitambaa iliyofungwa kwa nyuzi nyembamba zenye urefu wa mita 20 hadi 25. Mchezo huu si wa zamani. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili uvumbuzi wa tiara yenye mirija ya kujazwa hewa mwaka 1984, na kufikia mwaka 2024 mchezo wenyewe ulikwisha kuingia katika Olimpiki, ambapo wanaume na wanawake walishindana huko Marseille. Kwetu sisi, Diani na Watamu ni majina yanayojulikana na wachezaji wa mbali, kama ilivyo Paje kwa upande wa Unguja. Vijana wetu wengine hupata riziki kwa kuufundisha.

Basi wageni wetu na tiara hufika ufuoni kwa msimu mmoja, na mara nyingi kwa saa moja. Familia huteremka alasiri jua likipoa, na alasiri ndipo upepo wa baharini huwa na nguvu.

Likizo iliyopita tulikuwa ufuoni pamoja na wageni wa Bungoma. Tiara moja ilianguka mchangani, hatua chache kutoka tulipotandika mkeka. Mtoto wetu wa miaka saba, aliyelelewa kumwokotea mtu kitu chake kilichoanguka, alikimbia kwenda kuishika. Mkono wake ulikuwa umezikaribia nyuzi pale muuza madafu mmoja alipopiga ukelele. Mtoto akasita. Papo hapo upepo uliingia katika tiara, ikainuka, na nyuzi zile zikakazika kama waya mahali ambapo vidole vyake vingekuwapo.

Mwenye tiara alitoka majini mbio akaomba radhi, lakini hali ilikuwa imekwisha kuchafuka. Wanaume walisema mchezo huu upigwe marufuku. Akina mama waliwakusanya watoto na kusema hawarudi tena. Mchezaji naye, alipoona anazongwa, alijibu kwamba ufuo ni wa umma na yeye ana haki ya kuwapo. Wote walikuwa wakilitamka neno moja, haki, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza mwenziwe.

Aliyetutuliza ni bibi yake mtoto. Alitueleza kwamba huko kijijini kwao Bungoma kuna kisima ambacho njia yake inakatiza shamba la jirani. Tangu yeye aolewe, wanawake wamepita hapo na madumu yao, na hakuna aliyewazuia, kwa sababu hawakanyagi mahindi, hawaachi lango wazi ng'ombe wakaingia, na humsalimu mwenye shamba. Mwaka mmoja vijana walipitisha mikokoteni wakavunja mimea. Njia ikafungwa, na waliopata taabu ni wote, pamoja na wale wasiokosa lolote. Ilibidi wazee waende kuomba upya.

Tulikwenda na maneno hayo nyumbani, nasi tungali tukiyafikiri.

Ni kweli kwamba ufuo ni wa umma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma, inayoshikwa kwa amana kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Maana yake ni kwamba mkulima wa Kitale ana fungu lake katika mchanga wa Diani sawa na sisi tuliozaliwa karibu nao. Mchezaji wa tiara naye anaruhusiwa kuufurahia. Lakini kitu cha wote huharibiwa upesi na mmoja. Katika nchi nyingi za Ulaya, wachezaji wa tiara wametengewa ukanda wao, na fuo nyingine huwafungia kabisa msimu wa waogaji wengi. Makatazo ya namna hiyo hugusa waliokosa na wasiokosa, kama njia ile ya kisimani.

Wenzetu wa Paje wamelipitia jambo hili kwa namna nzito zaidi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mama hungoja maji ya bamvua yapwe, akaingia na vigingi na kamba, akafunga mbegu za mwani moja moja, na wiki kadhaa baadaye akavuna, akaanika, akauza. Kwa fedha hizo wengi wamesomesha watoto na kujenga nyumba. Maji yale yale, tulivu na mafupi ndani ya mwamba, ndiyo yanayopendwa na wachezaji wa tiara. Ubao ukipita juu ya kamba, mwani hukatika na kuchukuliwa na maji, na kigingi kilichofichwa na maji kinaweza kumjeruhi mchezaji mwenyewe. Kwetu Kenya, kina mama wa Kibuyuni katika Kaunti ya Kwale nao hulima mwani. Kwao bahari ni shamba, na mgeni apitaye juu ya shamba lao hana budi kujua mipaka yake, kama apitaye katika mahindi ya Trans Nzoia.

Adabu ya mchezaji, basi, ni ipi? Kwanza ni kuutazama upepo. Manahodha wetu huuita upande upepo utokako joshini, na upande uendako demani. Kaskazi huvuma kutoka baharini kwa mshazari, kwa hiyo mchezaji akishindwa kuizuia tiara yake, atasukumwa kuelekea nchi kavu, yaani kuelekea kwetu. Kwa hiyo asirushe tiara pale ambapo kuna watu demani yake. Aache nafasi tupu isiyopungua urefu wa nyuzi zake mara mbili, ambao ni kama mita 50. Awe na msaidizi anayejua kushika, na kila siku akijaribu, kabla ya kuingia majini, kile kifyatuo kinachoiondolea tiara nguvu zake mara moja.

Majini, aogeleaye ndiye mwenye njia. Mchezaji ndiye wa kumkwepa. Asiruke juu penye watu demani yake. Azungukie mbali mitego, nyavu, ngalawa na vigingi vya mwani. Atokapo, asiache nyuzi zimetandazwa mchangani. Azikunje upesi, aipindue tiara na kuilaza kwa mchanga juu yake isipeperuke. Na afikapo katika ufuo mgeni, awaulize kwanza wavuvi na kikundi cha usimamizi wa ufuo. Salamu moja huzuia ugomvi mwingi.

Kuna jambo ambalo wachezaji wengi hawalifikirii, nalo linatuhusu sisi wanawake. Mama aliyeingia majini na dera na mtandio hawezi kuruka pembeni upesi. Nguo zikilowa huwa nzito, na mara nyingi ana mtoto mkononi. Mita kumi zinazomtosha kijana aliyevaa nguo za kuogelea hazimtoshi yeye. Anayempitia karibu kwa kasi hakusudii kumdhuru, lakini anamfukuza baharini kama aliyemwambia atoke. Baadaye mama huyo hatarudi, wala binti zake, na ufuo ambao sheria inauita wa umma utakuwa wa wachache, bila ya ukuta kujengwa.

Sisi wenye familia nasi tuna wajibu. Dini yetu imetufundisha kwamba njia ina haki zake, na kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni sehemu ya imani. Basi tuwafundishe watoto wasishike kamwe nyuzi za tiara, hata ikiwa imelala kimya, na wasikimbilie tiara iliyoanguka hata kwa nia ya kusaidia, ila mwenyewe akiomba na mtu mzima awepo. Tusitandike mikeka mahali wanaporushia, kama vile tusivyokaa katikati ya barabara. Tuwaambie wageni wetu wa Kitale na Bungoma, kabla hawajalowesha miguu, kwamba mto huenda upande mmoja lakini bahari hujaa na kupwa. Na tukiona kosa, tumwendee mkosaji kwa upole kabla ya kumzonga. Tuliyemzonga siku ile alikuwa amekwisha kuomba radhi, nasi hatukumsikia.

Kesho yake tulirudi, ingawa kwa kusitasita. Mchezaji yule tulimwona mbali, demani kabisa, kupita mkeka wa mwisho, na mwenziwe amemshikia tiara. Alituinulia mkono, nasi tukainua wetu. Kina mama waliingia majini na watoto wao hadi jua likaribie kuchwa. Mtoto wetu alikaa mchangani akiitazama tiara ikipanda, na nduguye mdogo alipoanza kuisogelea nyingine iliyokuwa imelazwa karibu, yeye ndiye aliyemshika mkono na kumrudisha.

Bibi alitazama haya yote akatabasamu. Alisema kwamba akirudi kwao atawaeleza wenziwe wa kisimani kuwa bahari nayo ina njia yake, na kwamba mwaka huu ameiacha wazi.